Jinsi ya kurejesha picha za familia nyumbani kutoka hifadhi ya mtandaoni

PICHA nyingi za familia za Kisii na Nyamira hazining'inii tena ukutani wala hazimo katika albamu zilizokuwa zikiwekwa kabatini sebuleni. Zimo katika mitambo ya kampuni za kigeni, maelfu ya kilomita kutoka Keroka, Ogembo au Nyansiongo, na ufunguo wa kuzifikia ni nenosiri ambalo aghalabu hujulikana na mtu mmoja pekee.

Mpangilio huo hauonekani kuwa na kasoro hadi simu inapoibwa, akaunti inapojaa au mwenye akaunti anapofariki. Hapo ndipo jamaa wanapotafuta picha ya marehemu kwa ajili ya ratiba ya mazishi na kujikuta wakibisha mlango usiokuwa na mwenyewe.

Njia ya kuepuka hasara hiyo ipo, na haihitaji mtaalamu. Ni kuzihamisha picha kutoka mtandaoni hadi maktaba ya picha katika tarakilishi ya nyumbani, kuhakikisha kwamba zimefika zote pamoja na tarehe zake, kisha kuzitengenezea nakala ya pili. Linalowaponza wengi ni kufuta zile za mtandaoni kabla ya kukamilisha hatua hizo.

Wingu si mbinguni

Hifadhi ya wingu, kama inavyoitwa na wataalamu wa teknohama, haina uhusiano na mawingu ya mvua. Ni tarakilishi kubwa, ziitwazo sava, zilizopangwa katika majengo ya kampuni na kuunganishwa na intaneti.

Kwa watumiaji wengi wa simu za Android, hifadhi hiyo ni Google Photos, iliyozinduliwa Mei 2015. Kwa wenye simu za iPhone ni iCloud ya kampuni ya Apple, iliyoanza Oktoba 2011.

Google iliwaruhusu watu kuweka picha bila kikomo na bila malipo, mradi wakubali zipunguzwe ubora kidogo. Ruhusa hiyo ilikoma Juni 1, 2021. Tangu siku hiyo picha mpya huhesabiwa katika gigabaiti 15 za bure, ambazo pia hubeba barua pepe za Gmail na faili za Google Drive. Apple hutoa gigabaiti tano pekee.

Ikiwa picha moja ina megabaiti tatu kwa wastani, gigabaiti 15 zinatosha picha 5,000 hivi, kabla ya video hata moja kuhesabiwa. Familia yenye watoto, harusi na matanga hujaza kiasi hicho upesi.

Akaunti ikijaa, picha mpya hazipokelewi, na mwenyewe hutakiwa kulipa ada au kupunguza mzigo. Kwa mujibu wa kanuni za Google, akaunti iliyopitisha kiasi chake kwa miaka miwili inaweza kufutiwa yaliyomo. Vilevile akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa miaka miwili inaweza kuondolewa kabisa, utaratibu ulioanza kutekelezwa Desemba 2023.

Aidha, kampuni zenyewe hazidumu milele. Huduma ya picha ya Kodak ilifungwa mwaka 2012. Albamu za mtandaoni za Picasa zilifungwa 2016. Mtandao wa Google+ ulizimwa Aprili 2, 2019 na picha zake kuanza kufutwa. Mwaka uo huo, Myspace ilikiri kwamba ilikuwa imepoteza picha, video na nyimbo zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu awali.

Kusawazisha si kuhifadhi

Watu wengi hudhani kwamba picha ikiwa kwenye simu na pia mtandaoni, basi zipo nakala mbili zinazojitegemea. Sivyo. Simu na wingu husawazishwa, yaani kinachotendeka upande mmoja hurudiwa upande wa pili.

Mtu anayefuta picha ndani ya programu ya Google Photos ili apate nafasi kwenye simu huifuta pia mtandaoni. Hali ni hiyo hiyo kwa iCloud, ambako picha hutoweka katika vifaa vyote vilivyounganishwa na akaunti hiyo.

Google Photos ina amri maalumu ya kupunguza mzigo wa simu, ambayo huondoa tu nakala za simu zilizokwisha kupakiwa mtandaoni. Amri hiyo ni tofauti na ile ya kufuta, na tofauti hiyo ndiyo imewaliza wengi.

Aliyekosea bado ana muda wa kujiokoa. Picha iliyokuwa imehifadhiwa Google Photos hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 60, na ile ya iCloud kwa siku 30. Baada ya hapo hairudi.

Matayarisho

Jambo la kwanza ni kupima mzigo. Ukurasa wa akaunti huonyesha picha na video zimechukua gigabaiti ngapi. Tarakilishi inapaswa kuwa na nafasi tupu angalau maradufu ya kiasi hicho, kwa sababu faili hufika zikiwa zimefungwa pamoja na huhitaji nafasi nyingine zinapofunguliwa.

La pili ni intaneti. Katika mtandao wa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 15 huchukua muda wa saa tatu na dakika 20 kupakuliwa. Kwa kasi ya megabiti tano, muda huo huwa saa sita na dakika 40. Kwa hiyo ni busara kutumia Wi-Fi ya nyumbani au ya kazini iliyoruhusiwa badala ya bando la simu, na kupakua usiku wakati watumiaji ni wachache.

La tatu ni mahali. Saiba za mjini Kisii na Nyamira hufaa kwa kuchapisha stakabadhi, lakini si mahali pema pa kufungulia akaunti yenye maisha yote ya familia. Asiyekuwa na hiari anapaswa kutumia dirisha la faragha la kivinjari, kunakili faili kwenye diski yake, kuzifuta kwenye mashine ya saiba na kujiondoa katika akaunti kabla ya kuinuka kitini. Diski hiyo nayo ikaguliwe virusi kabla ya kufungua chochote nyumbani.

Mwisho, picha zilizoletwa na jamaa katika albamu za pamoja zisisahaulike. Picha hizo ni mali ya akaunti ya aliyezipakia. Anayezihitaji sharti kwanza azihifadhi katika maktaba yake mwenyewe, la sivyo hazitakuwamo katika mzigo atakaopakua.

Kutoka Google Photos

Picha chache zinaweza kuchaguliwa moja moja kwenye ukurasa wa Google Photos na kupakuliwa papo hapo. Kwa maktaba nzima, njia ya kampuni hiyo ni Google Takeout, huduma ya bure iliyoanzishwa mwaka 2011.

Mwenye akaunti hufungua ukurasa wa Takeout, huondoa alama kwenye huduma zote, kisha huweka alama kwenye Google Photos pekee. Anaweza kuchagua kila kitu au miaka na albamu fulani tu. Kwa mtandao wa kusuasua, ni afadhali kuchukua mwaka mmoja mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Baadaye huulizwa aina ya faili na ukubwa wake. Aina ya zip hufunguka katika takribani kila tarakilishi. Ukubwa wa gigabaiti mbili kwa kila faili ndio salama zaidi, kwa kuwa umeme ukikatika, hasara ni ya faili moja badala ya mzigo mzima.

Google hutayarisha faili hizo kwa saa kadhaa au hata siku kadhaa, kisha hutuma kiungo kwa barua pepe. Kiungo hicho hudumu kwa siku saba hivi. Anayechelewa hulazimika kuomba upya.

Zikishapakuliwa zote, faili hizo zifunguliwe ndani ya folda moja, ili sehemu za albamu moja zisitawanyike. Ndani yake hupatikana folda za miaka na folda za albamu. Picha iliyo katika albamu huweza kuonekana mara mbili, ndani ya mwaka wake na ndani ya albamu yake, kwa hiyo ongezeko la idadi lisimshangaze mtu.

Maelekezo mengi ya zamani hayafai tena. Utaratibu wa picha za Google Photos kujitokeza zenyewe ndani ya Google Drive ulikomeshwa Julai 2019. Na tangu Machi 31, 2025, programu za kampuni nyingine zilizokuwa zikinakili maktaba nzima kwa niaba ya mtumiaji zimefungiwa mlango huo.

Kutoka iCloud

Mwenye tarakilishi ya Mac hufungua programu ya Photos, huwasha iCloud katika mipangilio, kisha huchagua picha zote zishushwe zikiwa kamili. Asipochagua hivyo, mashine huweza kubaki na vivuli vidogo vya picha huku picha zenyewe zikisalia kwa Apple. Huu ni mtego, kwa kuwa kwa macho picha huonekana zote zipo.

Mwenye tarakilishi ya Windows hutumia programu ya iCloud iliyotengenezwa na Apple kwa mashine hizo, au hupakua moja kwa moja kwenye tovuti ya iCloud. Ipo pia njia ya kuomba nakala ya picha zote kupitia ukurasa wa faragha wa Apple, na matayarisho yake huchukua hadi siku saba.

Tangu 2017, simu za iPhone hupiga picha za aina ya HEIC, ambazo baadhi ya mashine za Windows hazizifungui bila programu ya ziada. Ni vyema kuhifadhi faili asilia jinsi zilivyo na kutengeneza nakala za JPEG kwa matumizi ya kawaida, badala ya kugeuza zote na kutupa asili.

Tarehe zisipotee

Picha ya dijitali hubeba maelezo yasiyoonekana kwa macho: siku na saa ilipopigwa, aina ya kamera, na pengine mahali. Kanuni ya kuandika maelezo hayo, iitwayo EXIF, ilitolewa nchini Japani mwaka 1995.

Picha iliyopigwa kwa simu au kamera hurudi kutoka Google ikiwa na maelezo hayo ndani yake. Lakini tarehe zilizosahihishwa na maelezo yaliyoandikwa na mwenyewe ndani ya Google Photos huletwa katika faili ndogo ya aina ya JSON iliyo kando ya picha. Mtu anayezifuta faili hizo akidhani ni takataka hupoteza jina la babu aliyeketi katikati, na mwaka wa harusi.

Wanaoathirika zaidi ni waliochanganua picha za zamani za karatasi. Picha ya mpiga obokano iliyochukuliwa miaka ya 1970 na kuchanganuliwa 2020 huhesabiwa na tarakilishi kuwa ya 2020, isipokuwa tarehe sahihi iandikwe ndani yake.

Programu za bure zipo za kurekebisha kasoro hiyo. ExifTool, iliyotungwa na Phil Harvey, huweza kusoma faili za JSON na kuandika tarehe ndani ya picha. Programu ya digiKam nayo hutoa nafasi ya kuandika tarehe, majina na maelezo kwa kubofya tu. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Picha zilizopitia WhatsApp ni suala jingine. Zikitumwa kwa njia ya kawaida, hupunguzwa ukubwa na kupokonywa maelezo ya tarehe na mahali. Familia zenye jamaa katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako Wakisii wengi wamelowea, zinafaa kuomba picha asilia zitumwe kama waraka au kupitia kiungo cha albamu.

Kuingiza katika maktaba

Picha zikiwa tayari, hatua inayofuata ni kuziweka katika maktaba. Programu ya picha ya Windows husoma folda zilipo, haihamishi kitu. Anayeitumia anapaswa kuziweka picha katika folda kuu ya picha kwa mpangilio wa miaka, kisha kuielekeza programu huko.

Programu ya Photos ya Mac kwa kawaida hunakili kila picha na kuitia ndani ya maktaba yake yenyewe. Kwa hiyo nafasi hutumika mara mbili mpaka folda ya awali iondolewe, na hilo lisifanywe kabla ya ukaguzi.

Yapo mazingira ambamo picha hutoka wingu moja na kuingia jingine bila mwenyewe kujua. Mac iliyowashwa iCloud itapakia upya kila kinachoingizwa na kujaza zile gigabaiti tano. Windows nayo huweza kupeleka folda ya picha kwenye OneDrive, ambayo pia hutoa gigabaiti tano za bure. Mipangilio hiyo izimwe kwanza.

Kuhakiki kabla ya kufuta

Hakuna picha inayopaswa kufutwa mtandaoni kabla ya mambo manne kuthibitishwa. Kwanza, kila mwaka ulioko mtandaoni uwepo pia kwenye tarakilishi. Pili, picha chache za kila mwaka zifunguliwe kwa ukubwa wake kamili. Tatu, video zichezwe hadi mwisho, kwa kuwa ndizo hukatika zaidi zinapopakuliwa. Nne, tarehe zilingane na matukio.

Nakala moja ndani ya tarakilishi bado haitoshi. Kanuni inayohusishwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh husema ziwepo nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja iwe nje ya nyumba.

Kanuni hiyo ina uzito wa pekee katika nyanda za juu za Gusii. Eneo hilo lililo karibu na Ziwa Victoria hupigwa na radi mara kwa mara, na tarakilishi iliyochomekwa kwenye umeme wakati wa ngurumo huweza kuungua pamoja na diski iliyounganishwa nayo. Diski ya pili inapaswa kuchomolewa kila baada ya matumizi na kuwekwa mahali pakavu, ikiwezekana katika nyumba ya jamaa mwingine.

Wala si lazima wingu liachwe kabisa. Laweza kubaki kuwa ile nakala iliyo nje ya nyumba. Usiache mbachao kwa msala upitao, lakini anayemiliki vyote viwili hana sababu ya kutupa kimoja.

Mei 2024 ilitoa funzo kuhusu kutegemea mtandao pekee. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora nchini Kenya na mataifa jirani kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na picha zake kwenye diski hakuhitaji kusubiri.

Haki ya mwenye picha

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humpa Mkenya haki ya kupata data zinazomhusu. Kifungu cha 38 kinampa haki ya kupokea data alizoikabidhi kampuni katika mpangilio unaosomeka na mashine, na kuzihamishia kwingine. Ombi kama hilo linapaswa kutekelezwa ndani ya siku 30. Malalamishi hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Sheria hiyo, hata hivyo, haigeuzi nenosiri la marehemu kuwa mali ya wanawe. Kwa hilo, mwenye akaunti anapaswa kujipanga akiwa hai.

Google ina utaratibu uliowekwa mwaka 2013 unaomwezesha mtu kuteua hadi watu 10 watakaojulishwa na kupewa data zake akaunti ikikaa bila kutumiwa kwa muda aliouchagua, kati ya miezi mitatu na 18. Apple iliruhusu uteuzi wa mrithi wa akaunti kuanzia Desemba 2021. Mrithi huyo huhitaji ufunguo maalumu aliopewa pamoja na cheti cha kifo.

Uteuzi huo huchukua dakika chache kwenye simu. Pasipokuwa nao, familia hulazimika kuiandikia kampuni ikiwa na stakabadhi na kusubiri uamuzi, na Google hueleza wazi kwamba haitoi nenosiri la marehemu kwa yeyote. Kwa jamaa wanaojiandaa kwa mazishi wiki ijayo, jibu hilo haliwezi kufika kwa wakati. Diski iliyo kabatini, yenye picha zilizopangwa kwa miaka na majina yaliyoandikwa, hufunguliwa siku hiyo hiyo.